Msafara wa Alhamisi

Wageni wanaoshuka hapa Mavuko siku ya Alhamisi hukuta kamba imefungwa kandokando ya barabara kuu, upande huu na upande ule, na mamia ya watu wamejipanga nyuma yake na bendera zao, wanatazama lami tupu. Wanauliza nani anapita. Wakiuliza kwa dharau wanapigwa. Wakiuliza kwa adabu wanaletwa kwangu, maana mimi ni kinyozi, kibanda changu kinatazamana na barabara, na mtu ukishamshika kichwa hana pa kwenda.

Nami huwaeleza yote bila kuongeza chumvi. Mimi si mtu wa siasa. Kwetu mtu wa siasa ana walinzi na gari la kubebea walinzi, mimi nina mashine ya kunyolea na umeme wenyewe unakuja ukipenda. Kwa hiyo nikisema kitu, msinitafutie chama.

Tulikuwa na Rais. Jina lake kamili lilikuwa refu, na kila mwaka kulikuwa na chuo fulani kilichomwongezea cheo mbele yake, basi sisi wananchi tukafupisha tukamwita Sasa Hivi. Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Ukimlalamikia maji, anajibu, "Maji yanakuja sasa hivi!" Ukimlalamikia mkurugenzi wa maji, anajibu, "Nimemfukuza sasa hivi!" Na kweli mkurugenzi alifukuzwa pale pale, mbele ya mama ntilie na wauza karanga, akavuliwa tai hadharani, akatembea kwa miguu kurudi kwake. Maji hayakuja. Lakini jamani, nani angekumbuka maji wakati mkurugenzi analia? Ilikuwa raha, tusidanganyane. Mimi mwenyewe siku ile nilipiga makofi mpaka nikamwacha mteja na nusu ya ndevu.

Kazi hiyo yote aliifanyia barabarani. Alipita na msafara wa magari meusi, akiona watu wamejipanga anatoa kichwa juu ya paa la gari na kuuliza, "Shida yenu nini?" Utaratibu ulikuwa mmoja nchi nzima. Barabara inafungwa alfajiri. Baada ya hapo hakuna mguu, gurudumu wala kwato ya kukanyaga lami mpaka msafara upite. Kufungua nako kulikuwa na kanuni yake. Nyuma kabisa ya msafara lilikuja gari la kijivu tuliloliita gari la mkia, ndani yake askari anapunga kitambaa cheupe. Kitambaa kikipungwa, watu wanavuka. Kisipopungwa, mtasimama hapo hata mvua ya mawe inyeshe.

Hapa Mavuko alisimama mara moja tu katika utawala wake wote. Ilikuwa Alhamisi. Alimfukuza kazi msimamizi wa stendi, akamkumbatia bibi mmoja asiye na meno, kisha akamshika mkono Mzee Chilumba, fundi baiskeli, akamwambia, "Mzee wangu, mimi nitapita tena hapa Alhamisi. Nikute mmejipanga." Hakusema Alhamisi ipi. Mzee Chilumba hakunawa mkono ule mpaka mkewe, Mama Tulizo, alipokataa kumwekea ugali mezani.

*

Kisha ukaja uchaguzi, na kwa bahati mbaya kura zikahesabiwa. Zamani zilikuwa zinatangazwa tu na hakuna aliyelalamika, au waliolalamika hatukuwaona tena. Safari hii zikahesabiwa kweli, na Sasa Hivi akashindwa. Akafungasha, akaenda shambani kwake kwa ng'ombe wake, mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Lakini kabla hajaondoka alisema redioni, "Wameniondoa kwenye kiti. Hawajaniondoa barabarani!"

Watu wengine waliisikia hotuba hiyo wakaenda kulala. Mzee Chilumba aliisikia akaenda kununua kamba.

Alhamisi iliyofuata tuliamka tukakuta ameifunga kuanzia nguzo ya umeme iliyo karibu na kibanda changu mpaka kwenye mnazi wa stendi, na amesimama mbele yake amevaa suti ya harusi yake. Tukamuuliza, "Mzee, kulikoni?" Akasema, "Leo Alhamisi." Alivyosema kwa utulivu, watu wakaona aibu kuuliza zaidi. Mmoja akasimama naye, kisha wa pili, na kufikia saa nne upande wa pili wa barabara nao ulikuwa umefungwa. Malori yakazuiwa, yakapanga foleni mpaka mlimani. Madereva walitukana wakachoka, wakalala chini ya malori yao.

Tatizo likawa kufungua. Msafara haukupita, kwa hiyo gari la mkia halikupita, kwa hiyo hakuna mwenye mamlaka ya kupunga kitambaa. Barabara ilibaki imefungwa mpaka Ijumaa mchana, watoto wa shule wamelala upande wa pili na wagonjwa wamelala upande huu. Ndipo akatokea Bwana Lameki, muuza mabati, mtu mwenye maneno. Akapanda juu ya kreti la soda, akatoa leso yake mfukoni, akasema, "Ndugu zangu, Mheshimiwa amepita kiroho!" Akaipunga. Watu wakalia kwa furaha, wengine wakaapa kwamba wamehisi upepo wa magari. Siku hiyo hiyo Lameki akachaguliwa Mwenyekiti wa Kamati ya Msafara, na kanuni ikawekwa kwamba Mheshimiwa atakuwa anapita kiroho kila Alhamisi jua likizama, si kabla. Mzee Chilumba akapewa cheo cha Kamanda wa Kamba.

Mtauliza serikali mpya ilikuwa wapi. Ilikuja! Msiionee serikali. Mkuu wa Wilaya alikuja mwenyewe na hotuba iliyoandikwa, akaanza kwa ukali, "Serikali haitavumilia kabisa, narudia, haitavumilia..." Hapo akainua macho akaona jinsi watu walivyo wengi, na wote wana umri wa kupiga kura. Akakohoa. Akaendelea, "...haitavumilia kuona wananchi wake wanasimama juani bila ulinzi." Wiki iliyofuata tukaletewa Sajenti Mponzi na vijana wake wakae na kamba ili mtu asijikwae.

Basi mambo yakakaa sawa. Mbuzi wa jirani yangu alivuka Alhamisi moja, akahukumiwa na Kamati, akaliwa na Kamati. Mwalimu mmoja wa hesabu alivuka akiwahi mtihani, vijana wakamtembeza mjini na kibao shingoni kilichoandikwa MSALITI, mpaka leo hafundishi, anauza mkaa mkoa mwingine. Mimi nikajifunza kununua sabuni na nyama Jumatano.

Na kila Alhamisi, saa ambayo Mheshimiwa ameshakunywa chai yake, Mwenyekiti alimpigia simu na kuisogeza kwenye kipaza sauti. Swali la kwanza la Mheshimiwa lilikuwa lile lile, "Mpo wangapi?" Mwenyekiti anazidisha. Mheshimiwa anaguna kwa kuridhika, anatusifu, anakata. Watu walirudi nyumbani wamejaa nguvu hata kama hawakula.

*

Sasa nije kwa Tulizo, maana ndiye ninayetaka kumsema.

Tulizo alikuwa mtoto pekee wa Mzee Chilumba. Aliolewa na kijana wa migodini, na mimba yake ya kwanza ilipokua akarudi kwao kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo desturi yetu. Alikuwa msichana wa kucheka. Akipita mbele ya kibanda changu ananiambia, "Fundi, mwanangu akizaliwa na nywele nyingi nakuletea, lakini bei ya mtoto!" Baba yake alikuwa amepagawa na mjukuu kabla hajaja. Alichukua vyuma vya baiskeli mbovu akamtengenezea kigari cha magurudumu matatu, akakipaka rangi nyekundu, akawa anakisukuma kitupu uani. Huyo ndiye mtu mwenyewe. Msije mkadhani nawasimulia habari za mtu asiye na moyo.

Hospitali yetu iko ng'ambo ya barabara. Ukisimama kwangu unaliona geti lake, unaweza hata kusoma saa za kuona wagonjwa. Upande huu tuna zahanati tu, chumba kimoja na mkunga mmoja. Mama Tulizo aliliona hilo mapema. Jumatano alikuja kwangu kumtafuta mumewe, akamkuta anaikagua kamba.

"Baba Tulizo, mtoto amelalamika mgongo tangu asubuhi. Leo tumvushe akalale hospitali."

"Siku zake bado. Mkunga amesema wiki mbili."

"Mkunga hayuko tumboni. Kesho Alhamisi."

"Mama Tulizo," akasema kwa upole, "nikimvusha binti yangu leo kwa kuogopa kesho, watu watanielewaje? Watasema hata Kamanda hana imani. Subiri Ijumaa. Ijumaa nampeleka mwenyewe kwa baiskeli, polepole."

Mama Tulizo alimtazama. Kisha akanitazama mimi, na mimi nikajifanya nasafisha kitana.

*

Uchungu ulianza Alhamisi kabla ya saa tatu. Mkunga wa zahanati alimpima Tulizo, akatoka nje uso umembadilika, akasema mtoto amelala kimshazari, hatoki kwa njia ya kawaida hata kwa miujiza, anatakiwa chumba cha upasuaji haraka. Wakampakia kwenye bajaji. Mama yake alimshika kichwa, mkunga akatembea kando ya bajaji akipiga kelele watu wapishe. Wakaja mpaka mbele ya kibanda changu, kwenye kamba, na hapo wakasimama.

Mkunga alikuwa ameshapiga simu hospitali, na ng'ambo manesi wawili wametoka na machela. Nao wamesimama nyuma ya kamba ya upande wao. Machela kule, bajaji huku, katikati lami tupu, inameta kwa jua.

Kamanda alikuwa pale pale. Alipoona ni nani aliyemo ndani ya bajaji, alirudi nyuma hatua moja, nilimwona kwa macho yangu. Akashika nguzo.

"Baba Tulizo, fungua," mkewe akasema.

"Mama Tulizo..."

"Fungua kamba, mwanaume wewe! Mtoto amekaa vibaya!"

Vijana wa Kamati walisogea. Mmoja akasema, "Kamanda, mwezi uliopita tulilizuia jeneza la baba yangu mpaka jioni. Ulisema kanuni ni kanuni. Mimi nilikubali." Alisema bila hasira, kama mtu anayekumbusha tu. Wengine wakatikisa vichwa. Kila mmoja alikuwa na jeneza lake au mgonjwa wake aliyemngojesha juani, na sasa wote walikuwa wanamtazama Kamanda waone kama waliteseka kwa kitu cha kweli au waliteseka bure.

Mama Tulizo akamgeukia Sajenti Mponzi. "Afande, wewe ni serikali. Unaona."

"Mama, naona," akajibu Sajenti, na jasho linamtiririka. "Lakini nimeletwa kulinda kamba. Sijaletwa kuikata. Nikiikata, hawa watu wataichoma stendi, na mimi nitaulizwa nani alinituma."

Basi mimi kinyozi, mtu nisiye na siasa, nikashika nyuma ya bajaji nikamwambia dereva, "Washa, tupite chini." Tukainua kamba, tukaingiza gurudumu la mbele kwenye lami. Hatukufika mbali. Vijana kama kumi waliinyanyua bajaji nzima, na Tulizo ndani, na dereva ndani, wakaigeuza wakaiweka chini pale ilipotoka. Waliiweka taratibu kabisa. Mmoja alimwambia Tulizo, "Samahani, dada." Mimi nilipigwa teke moja la mgongo, silihesabu.

Tulizo akamwita baba yake. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba, naomba."

Hapo Mzee Chilumba akageuka kwa watu wake. "Ndugu zangu, mimi siwezi kuvunja kanuni. Lakini mwenye msafara anaweza. Mwenyekiti, mpigie Mheshimiwa. Yeye ana huruma. Akisema neno moja tu, nafungua."

Watu wote wakakubali. Hata mimi nilipumua, nikaona kumbe kuna njia. Angekuwa na ubaya gani kusema neno moja?

*

Simu iliita, ikaita tena, ikapokelewa. Mwenyekiti Lameki akaisogeza kwenye kipaza sauti.

"Mavuko!" sauti ikanguruma barabarani.

"Tupooo!"

"Mpo wangapi leo?"

"Elfu tano, Mheshimiwa!" akasema Mwenyekiti. Tulikuwa mia sita, labda mia saba ukiwajumlisha waliotaka kuvuka. "Mheshimiwa, tuna ombi dogo. Binti wa Kamanda wetu yuko kwenye uchungu, mtoto amekaa vibaya, hospitali iko ng'ambo. Tunaomba neno lako tumvushe."

 Kisha Mheshimiwa akavuta pumzi, na mimi niliyesikiliza hotuba zake miaka yote ile nikajua kwamba tumekwisha. Ile ilikuwa pumzi ya hotuba.

"Ndugu zangu! Mwanamke ni nani?"

"Ni mamaaa!"

"Nani katika nchi hii aliwapenda akina mama kuliko mimi?"

"Hakuna!"

"Ile hospitali mnayoiona hapo mbele, nani aliijenga?"

"Weweee!"

Hospitali ile ilijengwa na wamisionari kabla babu yangu hajaota ndevu. Sasa Hivi alipaka rangi geti. Lakini hata manesi wenye machela, nawaambia, mmoja wao aliitikia.

"Na hawa wanaojiita serikali, wamewafanyia nini? Hata daraja la juu la watembea kwa miguu limewashinda! Leo mama mjamzito anateseka barabarani! Anateseka kwa sababu ya nani?"

"Kwa sababu yaoooo!"

"Aibu yao!"

"Aibuuu!"

Hapo Tulizo akatoa ukelele. Ulikuwa ukelele wa mtu anayepasuka, ulipita juu ya watu wote ukaingia kwenye simu, maana Mheshimiwa alinyamaza kidogo kusikiliza. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika kwa furaha, "Nawasikia akina mama wanavyonishangilia. Ahsanteni sana."

Mama Tulizo alimrukia Mwenyekiti akamkunja shati. "Mwambie aseme ndiyo au hapana! Ndiyo au hapana!"

"Mheshimiwa," Lameki akasema huku ananing'inia, "kwa hiyo tufungue barabara?"

"Nani anataka kufungua barabara?" Mheshimiwa akang'aka. "Mimi niko njiani!"

Simu ikakatika.

Sijui nielezeje kilichofuata. Watu walipagawa. Yuko njiani! Miezi yote ile alikuwa anapita kiroho, sasa anakuja na mwili! Watu wazima walikumbatiana, kofia zikarushwa juu, vijana wakakimbia kuikaza kamba ambayo tayari ilikuwa imekazwa. Sajenti Mponzi akavaa kofia vizuri, maana huwezi kujua. Neno la kufungua likasahaulika kabisa. Nani afungue barabara, na mwenyewe yuko njiani?

Mzee Chilumba akaenda kwenye bajaji. Mkono mmoja umeshika kamba, mkono mwingine unampangusa binti yake uso. Alikuwa analia machozi ya kweli.

"Mwanangu, umesikia? Anakuja. Akipita tu, gari la mkia likipita tu, unavuka wa kwanza. Nitamwambia asimame akusalimie. Vumilia kidogo, mama. Kidogo tu."

"Baba, ninakufa," Tulizo akasema.

"Usiseme hivyo. Ametamka mwenyewe, mbele ya watu wote. Hawezi kutudanganya sote."

Mimi nimewashika vichwa watu wa kila aina. Nimemnyoa mwizi, nimemnyoa padri, nimemnyoa mtu aliyekuwa anakwenda kujinyonga na mimi sijui. Lakini hasira niliyomwonea mzee yule siku ile sijawahi kumwonea mtu yeyote, na huruma pia, vyote pamoja. Nilimwambia, "Chilumba, iachie hiyo kamba! Iachie!" Alinitazama kana kwamba nimemwambia aachie mkono wa mtoto.

Mkunga alifanya aliloweza kufanya ndani ya bajaji, na kanga za mama ntilie zimezungushwa kuwa pazia. Mchana ukapita. Kila gari lililosikika mlimani watu walishangilia, kumbe ni malori yanapasha injini. Alasiri Tulizo akanyamaza. Mkunga akatoka nyuma ya zile kanga, akakaa chini kwenye vumbi, akaanza kuvua glavu. Mtoto alikuwa wa kiume. Naye hakulia.

Jua lilipozama Mwenyekiti alipanda juu ya kreti. Alitazama bajaji, akatazama watu, akasema Mheshimiwa amepita kiroho. Leso ikapungwa. Tukavusha maiti mbili kwenda hospitali, na manesi walikuwa bado wamesimama na machela yao.

*

Msiba uliwekwa nyumbani kwa Mzee Chilumba, na watu walikuja wengi kuliko misiba yote ya mji huu. Mwenyekiti alisema Tulizo ni shujaa wa msafara. Mkuu wa Wilaya alituma unga na salamu, akaeleza kwamba serikali imesikitishwa na ajali hiyo ya kuchelewa. Mzee Chilumba alikaa kwenye mkeka, kila anayempa pole anamwambia maneno yale yale: "Wameniulia mwanangu. Wangejenga daraja la juu, mwanangu angekuwa hai." Watu wakamwitikia, "Kweli kabisa, mzee." Mama Tulizo alikuwa chumbani na wanawake.

Ijumaa mchana tukaenda kuzika. Makaburi yako ng'ambo, nyuma ya hospitali, karibu na barabara. Ijumaa barabara iko wazi, tukavuka kama watu wa miji mingine. Jeneza lilikuwa moja, tumewaweka pamoja; mumewe Tulizo, kutoka kule migodini, hakuwahi kufika. Mchungaji alisoma, tukaliteremsha, wanaume tukashika majembe. Udongo ulikuwa haujafika hata nusu ya kaburi, simu ya Mwenyekiti ikaita.

Lameki akaangalia kioo, akasimama wima. "Ni yeye," akanong'ona. "Jamani, ni yeye mwenyewe, amepiga mwenyewe!"

Majembe yakatulia. Akaiweka kwa sauti kubwa.

"Nataka kuongea na Mzee Chilumba," Mheshimiwa akasema.

Mzee Chilumba akaipokea simu kwa mikono miwili, magoti yamekunjika. "Mimi hapa, Mheshimiwa."

"Mzee Chilumba, pole. Nimesikia. Wewe ni mwanaume. Nchi hii ingekuwa na akina Chilumba kumi, nisingekuwa hapa nilipo."

Uso wa yule mzee ulifunguka. Siwezi kusema alitabasamu, alikuwa amesimama ukingoni mwa kaburi la mwanawe. Lakini aligeuka akamtafuta mkewe katikati ya wanawake, akamwambia, macho yamejaa machozi, "Umesikia, Mama Tulizo? Amenitaja jina."

Mama Tulizo alikuja. Watu walimpisha wakidhani anakuja kushukuru. Akaichukua simu mikononi mwa mumewe.

"Mheshimiwa, mimi ni mama wa marehemu. Jana uliposema uko njiani, ulikuwa wapi?"

 Kwenye simu ng'ombe akalia, tukamsikia sote. Sauti ya mwanamke ikasema kwa mbali, "Mzee, maziwa yanapoa." Nilitazama nyuso za watu. Nilisema moyoni, sasa wamesikia. Wamesikia kwa masikio yao, hapa hapa, kaburi likiwa wazi.

"Mama," Mheshimiwa akasema, na sauti yake ilikuwa nzuri kweli, ya kubembeleza, "nakuelewa. Una uchungu. Na mimi siwezi kukaa mbali na uchungu wako. Hivi ninavyoongea na wewe, niko njiani."

Mama Tulizo alikuwa bado amefungua mdomo ajibu. Hakupewa nafasi. "Yuko njiani!" mtu akapiga kelele nyuma, na mwingine akaipokea, na majembe yakaanza kuanguka. Anakuja msibani! Na barabara iko wazi, malori yanapita, mbuzi wanapita, aibu gani hii! Waliondoka mbio, wazee na vijana, wengine wakaruka makaburi, Mwenyekiti akarudi kuichukua simu yake kisha akakimbia tena. Mchungaji alibaki anafungua na kufunga kitabu, halafu naye akasema anakwenda kuangalia tu.

Mzee Chilumba alibaki. Alitazama chini kaburini, akatazama barabarani. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mzee wangu, kaa. Mzike mwanao."

"Nakwenda mara moja tu," akasema. "Hawajui kuifunga. Wakiifunga vibaya itamwangukia mbele ya gari." Akauvuta mkono wake polepole, akaondoka. Alipofika kwenye njia akaanza kukimbia, na suti yake ile ile ya harusi.

Mama Tulizo akavua kanga ya begani, akaifunga kiunoni, akashika jembe. Tulifukia sisi, wanawake wanane na mkunga na mimi. Kwa wasiozoea ni kazi ndefu. Hakuna aliyeimba. Huko barabarani walikuwa wanaimba wao.

Tulipomaliza tukashuka kurudi mjini, tukakuta tumefungiwa. Mama Tulizo alitangulia, hakupunguza mwendo, akaifikia kamba ya upande wetu akaiinua kwa mkono wenye udongo. Ng'ambo, mbele ya kibanda changu, mumewe alikuwa amesimama mahali pake. Alimwona. Wakatazamana, na lami tupu katikati yao. Mzee akainua mkono wake juu, akapaza sauti.

"Wewe mama! Rudi nyuma!"

Miaka yote niliyoishi jirani nao sijawahi kumsikia akimwita mkewe namna hiyo. Aliita kama anavyoita watu wa malori.

Mama Tulizo akaishusha kamba. Akakaa chini kando ya barabara, sisi tukakaa naye. Hakuna gari lililopita. Jua lilipozama leso ikapungwa, watu wakashangilia, tukainuka tukavuka. Mama Tulizo hakuvuka.